Makosa ya kununua maunteni (baiskeli ya mlimani) mpya Mombasa: soma kabla hujalipa

Mvita_Spoku

Salaam wanabaraza.

Kila likizo ikikaribia swali ni lile lile: "Nataka maunteni mpya, nichukue ipi?" Miezi mitatu baadaye mtu yuleyule anarudi kuuliza mbona gurudumu la nyuma linacheza. Basi tuyaweke makosa yote mahali pamoja. Sharti moja tu: ukisema kitu, toa kipimo au sababu. "Hiyo ni kali" haitoshi. Hata pilipili ni kali.

Naanza na lile kubwa, yaani kununua springi badala ya kununua baiskeli. Dukani inayovuta macho ni ile yenye springi mbele na nyuma, fremu nene, rangi tatu. Kwa bei ya chini hakuna namna utapewa springi mbili nzuri, lazima kuna mahali pamebanwa. Springi ya nyuma ya bei hiyo ni koili tupu, ndani hakuna mafuta ya kuituliza. Kila ukikanyaga pedali, nguvu nyingine inaishia kuibonyeza koili, nawe unapanda na kushuka kama abiria wa mashua. Uzito nao, kilo 16 au 17 si ajabu. Halafu pale fremu inapojikunja pana bushi za plastiki. Mchanga ukiingia zinalika, na mkia wote unaanza kuyumba. Kuzipata nyingine ni kazi, maana kila fremu ina zake.

Jaribio la nusu dakika: bonyeza usukani kwa uzito wa kifua, kisha uachilie ghafla. Foki, yaani uma unaoshika gurudumu la mbele, ikiwa na mafuta ndani hurudi taratibu. Ikiruka kama godoro la springi mpaka tairi linataka kuacha sakafu, jua ndani mna koili na kipande cha mpira, basi. Tena inama usome kibandiko cha kwenye fremu au foki. Baadhi zimeandikwa waziwazi kwamba hazikukusudiwa kuendeshwa kwenye njia mbovu. Maunteni iliyokatazwa mlimani!

Ekseli_Kisauni

Umeanza vizuri, lakini kwangu mimi kosa la kwanza liko nyuma, katikati ya gurudumu, na dukani hakuna anayelitazama: friwili au kaseti?

Friwili ni rundo la gia linaloskurubiwa lote kwenye habu (kitovu cha gurudumu), pamoja na utaratibu wake wa kukatika-katika, ule unaoliacha gurudumu lizunguke pedali zikiwa zimetulia. Kaseti huvalishwa tu juu ya habu, na utaratibu huo umo ndani ya habu yenyewe. Tofauti si ya jina. Kwenye habu ya friwili, gololi za upande wa cheni zimesukumwa ndani, nyuma ya gia zote. Kwa hiyo kipande kirefu cha ekseli kinaning'inia bila kushikiliwa na chochote hadi kwenye fremu. Mpande mtu wa kilo 85, weka mzigo wa soko la Kongowea kwenye keria, ingia shimo moja la barabara, ekseli inapinda. Mara nyingi haivunjiki siku hiyo. Inapinda kidogo, gololi zinaanza kula vikombe vyake zinamozunguka, gurudumu linasugua upande mmoja, na mwenyewe anadhani ni spoku. Kaseti gololi zake zimekaa nje, karibu kabisa na fremu, ndiyo sababu inavumilia.

Namna ya kujua bila spana: simama upande wa gia, tazama katikati ya ile ndogo kabisa. Utaona meno madogo ya kuingizia kifungulio. Sasa zungusha gia kinyumenyume kwa kidole. Meno yale yakizunguka pamoja na gia, ni kaseti. Yakibaki yametulia huku gia zinazunguka, ni friwili. Gia saba nyuma mara nyingi ni friwili, nane na kuendelea mara nyingi ni kaseti, lakini friwili za nane zipo, kwa hiyo usihesabu tu, zungusha.

Na hapo hapo tumalize habari ya "gia 21". Wingi wa gia si upana wa gia. Chukua ya tatu mara saba: mbele meno 42, 34 na 24, nyuma kuanzia 14 hadi 28. Gia nyepesi kabisa ni 24 kwa 28, yaani 0.86. Nzito kabisa ni 42 kwa 14, yaani 3.0. Sasa chukua yenye sproketi (gia ya meno) moja tu mbele ya meno 32, na kumi nyuma kuanzia 11 hadi 46. Nyepesi ni 0.70, nzito ni 2.9. Gia 10 zimepanda kilima kikali zaidi kuliko 21, na nzito wamekaribiana. Katika zile 21, kadhaa zinarudia uzito uleule, na zile za kukingama, kubwa mbele na kubwa nyuma, hutakiwi hata kuzitumia kwa sababu cheni inakwenda mshazari.

Binti_Kizingo

Ahsanteni. Mimi ndiye mnayemsema, nataka kununua mwisho wa mwezi. Muuzaji ananiambia saizi ni moja kwa watu wote, "shusha kiti tu dada, itakutosha." Ni tairi 29, fremu imeandikwa 19. Urefu wangu sentimita 162. Ni kweli?

Mvita_Spoku

Si kweli hata kidogo, dadangu. Hapo kuna namba mbili na watu wanazichanganya. 29 ni ukubwa wa gurudumu. 19 ndiyo saizi ya fremu: inchi kutoka katikati ya kranki (pale mikono ya pedali inapozungukia) hadi juu ya bomba la fremu linaloshika kiti. Mtu wa 162 huanzia kwenye 15 au 16. Kiti ukikishusha, baiskeli haipungui urefu, usukani unabaki kulekule mbali. Utaendesha umejinyoosha, mikono inakufa ganzi, shingo inauma, na mwisho baiskeli inageuka kamba ya kuanikia nguo.

Pima hivi nyumbani. Simama peku, mgongo ukutani, miguu imeachana kiasi cha shubiri. Weka kitabu kigumu katikati ya mapaja, ukipandishe hadi kikaze kama unavyokaliwa na kiti. Mtu mwingine apime kutoka juu ya kitabu mpaka sakafuni. Tuseme ni sentimita 74. Zidisha kwa 0.883, unapata 65 na kitu. Huo ndio mwanzo wa urefu wa kiti, kutoka katikati ya kranki hadi juu ya kiti, ukifuata bomba la kiti. Ni mwanzo tu, baadaye unarekebisha kwa milimita chache. Na ukisimama juu ya fremu miguu yote chini, kati yako na bomba la juu ibaki angalau sentimita 5. Kwa 74, bomba la juu lisizidi 69 kutoka chini.

Nenda dukani na futi ya fundi cherehani. Muuzaji akicheka, acha acheke.

Fundi_MwembeTayari

Naongeza upande wa warefu. Hao huuziwa fremu ndogo kisha bomba la kiti linavutwa juu mpaka ile alama ya mwisho inaonekana. Alama ile ikishatoka nje umepita mpaka. Kilichobaki ndani hakitoshi kubeba uzito, na kinachopasuka si bomba, ni fremu yenyewe pale juu penye kibanio. Ikipasuka aluminiamu, sahau. Kuchomelea aluminiamu nyembamba si kazi ya kila mchomeleaji, na hata akiweza, nguvu ya awali hairudi mpaka fremu ipikwe upya kwenye tanuri.

Mtwapa_29

Nashangaa hamjataja breki za diski. Siku hizi mtu akiona diski anajua amepata maunteni ya kweli. Mimi nasema kwa huku pwani, kama hushuki milima, breki za kubana ringi zinatosha kabisa.

Ekseli_Kisauni

Zinatosha lami, ami, sawa. Mchanga je? Ringi ikiwa na mchanga wa Bamburi, kila ukifunga breki unapiga msasa ukuta wa ringi. Ukuta ukishakuwa mwembamba na tairi lina upepo, siku moja unafunguka pembeni. Diski ikiliwa unabadilisha diski, ringi iko salama.

Ila nakubali kwamba diski za bei ya chini ni hadithi nyingine. Nyingi zinavutwa kwa waya na pedi moja tu ndiyo inayosogea. Ile ya ndani imesimama pale pale. Pedi inayosogea inaisukuma diski ipinde hadi iguse ile nyingine. Mtu asiyejua hukaza waya kila wiki, diski inapinda zaidi, kelele hazishi. Dawa ni kuisogeza pedi ya ndani kwa skurubu yake nyuma ya kalipa (kile kibanio kinachoshika pedi) mpaka ibaki nafasi ya kadi ya simu, halafu ndiyo uguse waya. Pedi ikibakiwa na nusu milimita ya unga wake, toa.

Fundi_MwembeTayari

Diski za mafuta ni tamu kuliko zote, lakini anayenunua ajue mambo manne.

Moja, mafuta yake ni ya aina gani. Kampuni ya Shimano wanatumia mafuta ya madini. Za kampuni ya SRAM nyingi zinatumia DOT, jamii ya yale ya breki za gari, ingawa wana mifano mipya ya mafuta ya madini. Imeandikwa kwenye mkono wa breki au kifuniko chake. Ukitia DOT kwenye breki ya mafuta ya madini, mipira ya ndani inavimba na kuoza, breki yote kwisha. Kwa hiyo fundi akikuambia "mafuta ya breki ni mafuta ya breki", chukua baiskeli yako uondoke.

Mbili, usiipindue matairi juu ukaiacha hivyo. Sisi mafundi wa barabarani ndio kazi yetu hiyo, kupindua na kuziba pancha. Kwenye mkono wa breki kuna kihifadhi kidogo cha mafuta chenye hewa kidogo juu. Ukipindua, hewa inapata njia ya kuingia kwenye bomba, na ukiigeuza breki inakuwa laini kama maandazi. Ilaze ubavuni kwa muda mfupi, au itundike kwa kiti.

Tatu, gurudumu likiwa limetolewa usiguse mkono wa breki. Pedi zinakutana na hazirudi. Pachika kadibodi iliyokunjwa katikati yake.

Nne, na hili ni la diski zote: mafuta ya cheni. Mtu anapulizia cheni kwa kopo, vumbi la mafuta linatua kwenye diski, siku hiyo hiyo breki inalia kama mbuzi na haishiki. Diski ifute kwa spiriti na kitambaa safi. Pedi zikishakunywa mafuta hazisafishiki, nunua nyingine. Mafuta yatiwe tone kwa tone, ndani ya cheni, kisha ufute nje.

Breki mpya nazo zina kuzoeshwa. Tafuta mahali pasipo na magari, kimbia, funga breki ya mbele kwa mkazo wa wastani hadi mwendo wa miguu bila kusimama kabisa, achilia, rudia kama mara ishirini. Kisha ya nyuma hivyo hivyo. Asiyefanya hivyo hulalamika kwamba breki mpya hazina nguvu. Ule mteremko wa kutoka Kwale kuja Kombani usiwe ndio darasa la kwanza.

Mtwapa_29

Haya, nimesalimu amri nusu. Mchangani diski. Lakini waya wa breki za ringi naupata kwa fundi yeyote kuanzia Likoni hadi Mtwapa, na hizo pedi zenu je?

Mvita_Spoku

Hiyo hoja nzito, na ndiyo inanileta kwenye kosa ambalo majuto yake huja kwa kuchelewa: kununua baiskeli ambayo vipuri vyake havimo mjini. Kabla ya kulipa tazama vitu hivi.

Hanga. Ni kile kipande kidogo cha metali laini, mara nyingi aluminiamu, kinachoshika dereli ya nyuma (kifaa cha kuhamisha cheni kutoka gia hadi gia), kimefungwa kwenye fremu kwa skurubu moja au mbili. Kimewekwa makusudi kipinde chenyewe ili fremu ipone. Baiskeli ikiangukia upande wa gia, hanga inapinda, gia zinaruka, na siku ukiingia gia kubwa ya nyuma dereli inaingia kwenye spoku. Tatizo ni kwamba maumbo ya hanga ni mengi mno, karibu kila fremu na lake. Ya baiskeli yako hutaikuta kwa kubahatisha. Daini ya pili dukani siku ile ile ya kununua, uifunge kwa mkanda chini ya kiti.

Ekseli. Za kawaida ni zile za kubana kwa kishikio, milimita 100 mbele na 135 nyuma. Gurudumu lake unalipata kirahisi, hata la mtumba. Zipo za kupenyeza: nyuma 12 kwa 142, na zile zinazoitwa Boost ni 12 kwa 148. Nzuri, ngumu, lakini ringi ikikunjika ni kuagiza. Haimaanishi uzikatae. Ujue tu.

Shingo ya fremu. Iliyonyooka inachukua foki ya bomba la milimita 28.6 juu hadi chini. Nyingine inapanuka chini hadi inchi moja na nusu. Ukinunua yenye shingo nyembamba ukiwa na ndoto ya kuja kuweka foki nzuri baadaye, foki nyingi nzuri za sasa hazitaingia.

Vali. Schrader ni kama ya gari, kila pampu inaikubali. Presta ni nyembamba yenye kinati cha kufungua kwa vidole, na pampu nyingi za vibandani hazina mdomo wake. Nunua kiunganishi cha shaba, mbili kabisa, maana ni kidogo na kinapotea. Tundu la Presta kwenye ringi ni dogo, tyubu ya Schrader haipiti. Usikubali mtu alitoboe zaidi kwa drili kwenye ringi nyembamba. Tena vali hizo zote si ile ya baiskeli za Black Mamba.

Tairi. Usitegemee "26" au "29" peke yake, soma namba ya milimita ubavuni: 559 ni 26, 584 ni 27.5, na 622 ni 29. Tyubu ya 26 inaweza kutanuka ikakufikisha nyumbani kwenye 27.5. Tairi haliwezi.

Mkaa_Likoni

Nawasoma kimya, lakini mmesahau adui mwenyewe. Chumvi.

Baiskeli imeandikwa "aluminiamu" watu wanadhani haina kutu. Fremu haina. Lakini skurubu, cheni, waya za ndani, na mara nyingi miguu ya foki, vyote ni chuma. Na aluminiamu ikigusana na chuma penye unyevu wa chumvi, mbili hizo zinalana, na aluminiamu ndiyo inayoliwa. Unaona unga mweupe. Mwaka unapita, bomba la kiti linakuwa limekuwa kitu kimoja na fremu, huwezi kushusha wala kupandisha.

Chukueni sumaku ndogo dukani. Gusa spoku: ikinata kwa nguvu ni chuma cha kupakwa, kitaota kutu. Isiponata, au ikigusa kidogo tu, ni chuma kisichoshika kutu. Gusa miguu ya foki pia, ile inayong'aa. Ikiwa ni chuma cha kupakwa kromu, usiwaze kuiegesha ufukweni. Kromu ikianza vipele, kila kipele kinakata sili ya mpira, maji yanaingia.

Binti_Kizingo

Sasa naogopa. Nyumba iko karibu na bahari, baiskeli italala barazani. Nifanyeje wiki ya kwanza?

Fundi_MwembeTayari

Usiogope, mwanangu. Kazi ya wiki ya kwanza ni saa tatu tu, ukifanya mwenyewe au ukimsimamia fundi.

Baiskeli mpya hutoka kwenye boksi nusu imefungwa, na dukani inamaliziwa haraka. Grisi iliyomo ni haba. Kwanza tazama foki haijageuzwa. Unacheka, lakini ni kosa la kawaida kabisa. Kalipa ya breki ya mbele inatakiwa iwe upande wa kushoto, nyuma ya mguu wa foki. Ukiiona kulia na imetangulia mbele, foki imegeuzwa. Usitumie ule upinde wa kati kama ushahidi, kwa sababu foki za kampuni ya Manitou upinde wao uko nyuma na ni sawa.

Pedali: ya kushoto uzi wake ni wa kinyume, kwa hiyo zote mbili zinakazwa kuelekea mbele ya baiskeli. Zina alama L na R. Dukani zikilazimishwa kwa spana zikiwa mshazari, uzi wa kranki ya aluminiamu unakatika, na pedali itang'oka baada ya wiki mbili. Zifungue zote, pangusa, paka grisi, zianze kwa vidole angalau mizunguko mitatu ndipo uchukue spana ya 15.

Bomba la kiti: litoe lote, lipake grisi nyembamba, rudisha. Kila miezi mitatu litoe tena. Baada ya mvua ya masika litoe, pindua baiskeli, maji yamwagike. Kama breki ni za mafuta, ilaze tu ubavuni maji yatoke. Skurubu zote unazofungua ziguse grisi kabla ya kurudi, isipokuwa za diski.

Habu: toa gurudumu, shika ekseli kwa vidole viwili uzungushe polepole. Ukihisi vijichanga, koni (zile nati zinazobana gololi) zimekazwa mno, na kiwandani hukazwa mno mara nyingi. Ukiiacha hivyo, gololi zinachimba vikombe na habu inakufa mapema. Spana nyembamba ya 13 mbele, 15 nyuma. Kama ekseli ni ya kubana kwa kishikio, acha uchezi mdogo sana, kwa sababu kishikio kikifungwa kinaibana ekseli na uchezi unapotea. Ya nati mbili isiwe na uchezi. Ukifungua kabisa: mbele kwa kawaida gololi 10 kila upande za tatu kwa kumi na sita ya inchi, nyuma 9 kila upande za robo inchi. Tandaza gazeti jeupe chini usije ukazitafuta mtaani.

Shingo ya fremu vivyo hivyo, grisi ya kutosha mpaka itoe pembeni. Grisi ya rangi ya buluu ya majini, wanayotumia kwenye trela za boti, inavumilia chumvi kuliko ile ya kawaida.

Mkaa_Likoni

Na cheni, fundi. Huku watu wanatia oili ya injini iliyotoka kwenye gari. Inanata mchanga, unapata kisaga meno cha gia. Wengine mafuta ya nazi, mazuri kwenye samaki, kwenye cheni yanaganda gundi. Ya cherehani ni mepesi, safi, ila mvua moja yameondoka, kwa hiyo utatia kila siku mbili tatu. Mafuta ya cheni yaliyotengenezwa kwa hali ya mvua na maji ndiyo yenyewe.

Ukipita ufukweni maji yakipwa, ukirudi mwagia maji baridi ya kawaida, ndoo na sponji. Si ile mashine ya kuoshea magari, inasukuma chumvi na mchanga mpaka ndani ya beringi. Kausha cheni kwa kitambaa, tone moja kila kiungo, zungusha, futa.

Ekseli_Kisauni

Cheni pimeni kwa rula ya chuma. Viungo 24, tukihesabu cha nje na cha ndani kila kimoja, vikiwa vipya ni inchi 12 kamili, pini hadi pini. Ikizidi kwa moja ya kumi na sita, badilisha hasa kama una gia 11 au 12 nyuma. Ikifika moja ya nane umechelewa, kaseti imeshalika pia, na cheni mpya itaruka juu yake. Mwenye kununua cheni mapema anaokoa kaseti, na bei zake hazilingani hata kidogo.

Mtwapa_29

Upepo wa tairi nao. Mtu ananunua maunteni, anaipeleka kwenye mashine ya kituo cha petroli, inajazwa mpaka tairi ngumu kama jiwe. Kwenye matumbawe inarukaruka, kwenye mchanga inazama. Kwa tairi la 2.25 lenye tyubu na mtu wa kilo 70, mimi naanzia psi 28 mbele na 30 nyuma. Mchanga mtupu shuka kidogo. Ukishuka sana tyubu inabanwa na ringi na kutoboka matundu mawili sambamba, kama meno ya nyoka. Ukiona matundu mawili namna hiyo, usimlaumu msumari.

Halafu mbona hakuna aliyetaja mtumba wa 26 wenye vifaa vya Shimano Deore? Kwa pesa ya mpya ya chini unapata fremu bora mara mbili.

Mvita_Spoku

Uzi ni wa mpya, bwana. Lakini kweli, sheria ya ngazi za Shimano inahusu wote. Wengi wanaona neno Shimano kwenye dereli wanadhani yote ni daraja moja. Tourney iko chini kabisa, kisha Altus, Acera, Alivio, halafu Deore, SLX, XT, XTR. CUES ilitoka 2023 kuchukua nafasi ya zile za katikati chini, na vipande vyake havichanganyiki ovyo na vya zamani. Na hila ya dukani ni kuweka dereli ya nyuma nzuri, mahali macho yanapotua, na kila kingine cha chini. Kwa hiyo usitazame dereli. Tazama habu, breki, foki.

Mtumba una yake: foki iliyokaa miaka kumi kwenye kontena sili zake zimekauka. Fungua uzi wake, tutakuja.

Binti_Kizingo

Nimerudi kutoka duka jingine. Fremu 16, tairi 27.5, foki ya springi mbele tu, diski za waya. Bomba la juu sentimita 68. Nimezungusha gia kinyumenyume: yale meno ya katikati yanazunguka pamoja nazo. Sumaku kwenye spoku hainati. Kwenye foki inanata.

Ekseli_Kisauni

Kaseti hiyo. Foki ifute kwa kitambaa chenye tone la mafuta ya silikoni kila wiki, utadumu nayo. Kalipa ya mbele iko upande gani?

Binti_Kizingo

Kushoto, nyuma ya mguu.

Fundi_MwembeTayari

Sawa. Muulize hanga ya pili kabla hujatoa pesa. Ukishailipia, ije kibandani Jumamosi asubuhi kabla ya jua kali, na uje na gazeti.